Ng'ombe alivyolia mfukoni mwa mpenda vita: yaliyoikuta timu yetu ya gemu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili limenitokea mwenyewe. Chumvi sijatia, labda kidogo pale kwenye mlio. Na ndiyo, niko Sumbawanga. Utani wa radi za kichawi wekeni pembeni kwanza.

Iko hivi.

Tuko wanne, tunatengeneza gemu za simu kwenye chumba cha nyuma ya duka la stationery. Baridi la huku mnalijua, code tunaandika na makoti mwilini.

Msidhani watengeneza gemu wote wanapenda gemu moja. Thubutu! Jeni, bosi wetu, dada wa Mbeya aliyeletwa huku na ajira ya serikali na gemu anafanya baada ya kazi, yeye ni mpira tu, na akifungwa anasingizia bando. Deo, mchoraji, anacheza karata na kompyuta na bado anaiibia. Mimi napenda za polepole: unapanda, unafuga, unasubiri.

Halafu kuna Bosco.

Bosco ni vita. Bunduki, damu, mabomu. Kwao kijijini Pito wanalima mahindi na ulezi, na nikimtajia gemu ya shamba anawaka: "Nimetoka shamba asubuhi, halafu jioni nikalime kwenye simu? Una akili wewe?"

Sasa, gemu yetu ya kwanza ilikuwa wazo langu. Unafuga ng'ombe wako hapa Ufipa, unampa jina, unampeleka malishoni. Nimeisotea miezi. Bosco akataka itupwe, tufanye ya vita. Deo, mnafiki yule, akamuunga mkono kwa sababu bunduki ni rahisi kuchora kuliko ng'ombe. Jeni akasema ataamua Jumamosi.

Wakuu, iliniuma. Hata ugali haukupita.

Toleo la majaribio lilikuwa kwenye simu zetu wanne tu. Kabla Jumamosi haijafika, nachungulia kwenye seva, nakuta mchezaji anajiita Mama Ulezi. Ng'ombe wake kanona kuliko wangu mimi niliyeitengeneza gemu! Analishwa asubuhi, mchana, jioni. Seva haikuonyesha simu ni ya nani, wala ng'ombe anaitwaje.

Nikauliza. Deo akaapa si yeye. Jeni akacheka. Bosco akasonya.

Nikasema poa.

Nikatuma apdeti kimya kimya: ng'ombe akishikwa na njaa, simu inalia kama ng'ombe, hata kama umezima sauti. Kisha njaa ya ng'ombe wa Mama Ulezi nikaipangia ije katikati ya kikao cha Jumamosi. Ushetani, najua.

Jumamosi hiyo, Bosco kasimama, kifua mbele: "Hii gemu ni ya watoto. Mwanaume mzima unamlisha ng'ombe wa kwenye simu?"

MMMUUUUUU!

Mfukoni mwake. Deo akamwaga chai.

Bosco akajikohoza. Ikalia tena. Nikamwambia kwa upole, "Kaka, huyo mnyama ana njaa. Asipolishwa sasa hivi anakufa."

(Uongo. Ng'ombe wangu hawafi.)

Jamani! Akachomoa simu: "Ngoja, ngoja, asife! Nimemlea tangu ndama!"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Jeni akainama kuangalia kioo. Nami nikachungulia.

Ng'ombe kanona, kavalishwa kengele shingoni. Juu ya kichwa chake kumeandikwa jina: JENI.

Kicheko kikaniishia. Hapa bosi akikasirika, gemu inatupwa na sisi tunatupwa nayo. Bosco alikuwa anaangalia sakafu, jasho linamtoka na baridi lote lile.

Jeni akalisoma jina lile mara mbili, mimi nikaanza kusali. Mwisho akasema, "Mpe majani kwanza. Mengine tutaongea."

Gemu ya ng'ombe imepita, wakuu. Sehemu ya malisho anaiandika Bosco na hataki mtu aiguse. Juzi yeye na Jeni wameonekana njia ya Matai. Eti wanaenda kuangalia ng'ombe wa kweli, wapate mfano.

Nilichojifunza: mtu hajulikani kwa gemu anayojisifia mbele za watu. Mchungulie anachofungua akiwa peke yake.

Haya, na nyie mkijifungia chooni na simu huwa mnacheza nini? Semeni ukweli. Apdeti naweza kuwatumia na nyie.