Transista Zilizochaguliwa kwa Baridi

Transista haichaguliwi kwa macho. Vijana wa siku hizi wanapakua distoshen kwenye simu, wanabonyeza, gitaa linakwaruza, basi wanajiona mafundi. Haya. Sisi wa Endagikot, kule Mbulu kwenye baridi, tulikuwa tunapasua redio mbovu kutoka mnadani Dongobesh, tukitafuta zile transista za zamani zenye kofia ya bati. Ukizifunga kwenye pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, gitaa linatoa sauti nene, yenye mkwaruzo mtamu. Za kisasa zilikuwa zinapiga kelele tu.

Nilikuwa nazichagua asubuhi, mezani kwa mama, sweta mwilini. Naibana transista kwenye mita ya kupimia umeme, nasubiri. Ukiigusa, namba inapanda kwa joto la vidole, kwa hiyo unaiacha ipoe, na namba ikitulia ndipo unaiunga kwenye pedali na kuisikiliza. Nyingi zilikuwa zinatatarika kama mafuta ya maandazi, hizo nikazitupa. Mama aliniuliza mbona mchele siuchagui kwa uvumilivu ule. Nilikuwa na raha, sijui niseme nini zaidi. Ile meza na harufu ya risasi ya kuungia ikiyeyuka natamani hata leo.

Mwaka mmoja nilichagua jozi ya transista roho ikiwa juu. Kulikuwa na msichana wa Masakta, kule chini Hanang, tulisoma naye sekondari Mbulu mjini, na sisi wawili tulikuwa tumeshakubaliana kuoana. Baba yake, mfugaji, mtu wa maneno machache, alikuwa amekataa. Alisema mpiga gitaa hana mji. Lakini kaka wa msichana alikuwa anaoa, na bendi yetu ikaalikwa kupiga. Msichana akaniambia baba atakaa mbele kabisa, na atasikiliza. Nikaelewa kwamba nikiharibu pale, nimekwisha.

Na ile jozi, jamani, ilikuwa inaimba. Nikaifunga ndani ya kopo la majani ya chai, ndiyo pedali yangu, tukateremka Masakta.

Nilimwamkia mzee shikamoo nikiwa nimeinama. Akaitikia marahaba, akaangalia gitaa, kisha akaangalia pembeni. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama, chini ya turubai hakuna hata upepo, na kopo langu liko mbele, kwenye vumbi, linachomwa. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, sauti ikaanza kukatika, ikakohoa, ikafa. Ndipo akili ikanijia: nilizichagua kwenye baridi ya Mbulu, nikazileta kufanya kazi kwenye jua la Hanang. Mjinga mimi. Wageni wakaanza kucheka. Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Msichana alikuwa akigawa soda karibu yangu. Nikamnong'oneza kwamba kopo limeshika joto, haliwezi kupiga mpaka lipoe. Alivua khanga ya begani, akaichovya kwenye beseni la maji lililokuwa na soda, akaikamua, akapiga magoti mbele ya watu wote na kulizungushia kopo. Tukasubiri kidogo, sauti ikarudi. Joto likipanda, anachovya tena. Wanawake wengine walimwita akasaidie kugawa chakula, akakataa. Alikaa pale chini mpaka jua lilipolegea, gauni lake la sherehe limejaa vumbi, na mimi nikapiga gitaa huku machozi yakinilenga. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo, mzee akaniita. Nilikwenda.

“Muziki wako sikuusikia,” alisema. “Nilikuwa namwangalia binti yangu.”

Akakuna ardhi kwa fimbo. Nilidhani ameshamaliza, nikaanza kuaga.

“Waambie wazee wako waje tuongee,” akasema.