Mlinzi wa Lango la Evere

Bajeti ya serikali ya Marekani ilipokwama bungeni, ofisi yao moja ya usalama huku ughaibuni, mtaani Evere, ilifunga kantini na kumrudisha nyumbani Euphrasie, mpishi wao. Walinzi wa getini waliambiwa waendelee na kazi, mshahara utafuata. Euphrasie alipokwenda kuchukua vyombo vyake alimkuta mlinzi yuleyule wa kila asubuhi, mtu wa Lubumbashi, amesimama wima kwenye mvua. Mtu huyu hupekua mkoba kana kwamba ndani amelala mtoto mchanga: huvua glavu kwanza, huingiza vidole viwili, husema “pardon” kwa kila anachokisogeza. Buti zake hung'aa hata msimu wa matope. Siku ile mashavu yake yalikuwa yamebonyea, lakini alipekua mpaka mfuko wa mwisho.

“Papa, hata bila mushahara?” Euphrasie alimuuliza.

“Adui hawezi kungoja budget, maman.” Akamrudishia mkoba, kisha sauti yake nzito ikashuka, macho akayapeleka barabarani. “Kule paroisse yenu, kanisa ya Koekelberg, mungali munagawa chakula samedi? Ni ya voisin wangu. Iko na batoto.”

“Tungali tunagawa. Umuambie akuje mapema.”

“Bon. Nitamuambia.”

Jumamosi jirani huyo hakuonekana. Alikuja mlinzi mwenyewe, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akasimama mwisho kabisa wa foleni. Zamu yake ilipofika, Euphrasie aliinamisha uso kwenye sufuria, akampakulia kama mtu asiyemjua.