Hodi Isiyojibiwa

Mtaani jina lake ni Mwalimu Hodi, binti wa seremala aliyechonga madawati ya shule nzima, mjukuu wa mkunga aliyetupokea wengi wetu duniani, mjane wa kaka yangu karani wa mahakama. Kwangu mimi ni wifi. Niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo, na niliyoyaona naweza kuyaandika.

Alipostaafu kufundisha sekondari, aligeuza sebule kuwa chumba cha usaili. Vijana wa kidato cha sita walikuja jioni kujifunza kujieleza mbele ya watu wa vyuo na waajiri. Nyuma ya meza tuliweka viti vitatu: chake, changu, na cha tatu alikivika koti la marehemu.

"Huyu ndiye mkuu wa chuo," aliwaambia. "Hacheki, wala hapokei chai."

"Hata alipokuwa hai hakuwa anacheka na wewe," nikamchokoza.

"Wifi, nyamaza. Tuko kazini."

Watoto wake wako mbali, kila mmoja na yake. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuondoka, nao waliondoka. Mwishowe alibaki mwanafunzi mmoja tu, binti wa dobi wa pale kona, aliyetaka uuguzi.

Binti huyo alikwishaitwa chuoni kwa usaili mwaka uliotangulia. Akapiga hodi mlangoni mara tatu, hakuitikiwa, akarudi nyumbani. Kumbe ndani walikuwa wanamngoja, kelele za feni zimewaziba masikio.

"Hodi tatu kimya, mgeni anaondoka," alijitetea. "Ndivyo mama alivyonilea."

"Mama yako kakulea vizuri," wifi akamwambia. "Lakini pale hukuwa mgeni, mwanangu. Uliitwa."

Sasa chuo kilikuwa kimemwita tena. Akishindwa, yeye na pasi ya baba yake hadi uzeeni.

Jioni moja wifi alimtoa nje, akafunga mlango.

"Hodi."

Tukanyamaza.

"Hodi... Hodi jamani."

Nilimtazama wifi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema karibu, akaubana kwa kiganja. Mtu anayeshinda kutwa akisikiliza mlango, hodi imekuja, naye hana ruhusa ya kuitikia. Nje, ndala ziligeuka, zikaanza kwenda. Wifi akafumba macho.

Kisha zikarudi. Kitasa kikazunguka.

"Shikamooni. Niliitwa, nimekuja."

"Marahaba," akajibu wifi. "Kaa."

Chuoni alifanya vivyo hivyo, wakampokea. Siku ya kuaga alikuja na begi lake, akaingia moja kwa moja bila hodi. Wifi alikuwa peke yake mezani na lile koti. Hakumkaripia. Alimshika mkono, akakawia kuuachia.

"Huko wodini kuna watakaobisha kwa sauti ndogo, na wengine hawatarudia. Ukisikia, hata kama si zamu yako, itikia. Uuguzi watakufundisha wao. Hii ndiyo kazi ninayokupa mimi."