Njia ya Kwenda kwa Mama Mkubwa

Bodaboda wa hapa Misigiri wana makoti ya mvua ya plastiki, yale mapana yanayomfunika dereva na abiria wake pamoja. Mvua ikitukuta njiani, nikishaingia humo na kuvuta ile harufu ya nailoni iliyolowa, sipo tena Iramba. Niko Vietnam, nina miaka tisa, nimebanwa kati ya mgongo wa Baba Mkubwa na kifua cha Bibi.

Mama Mkubwa Rehema, dada yake mama yangu, aliolewa na Mvietnamu aliyekuja kwetu Mitundu kusimamisha minara ya simu. Aliitwa Minh, nami nilimwita Baba Mkubwa. Kiswahili alijifunzia kwetu, kwa hiyo alikiongea kama Mnyaturu kabisa, na shikamoo alimpa hata mtu aliyemzidi miezi michache. Walipohamia kwao, Mama Mkubwa aliahidi kutuita mimi na Bibi, mama yake mzazi, tukawatembelee, na pasi za kusafiria tukatengenezewa mapema. Kisha siku moja, katikati ya muhula, baba yangu akaja kunichukua bwenini mjini Singida, akanikabidhi kwa Bibi kituo cha mabasi. Alisema tu kwamba tunakwenda kwa Mama Mkubwa. Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza kwa nini sasa.

Baba Mkubwa alitupokea uwanja wa ndege wa Hanoi. Alimwamkia Bibi, akamshika mikono yote miwili. Hakumwachia mpaka watu wenye masanduku wakaanza kutuzunguka. Nilidhani ndivyo wanavyosalimiana kwao. Nilipouliza Mama Mkubwa yuko wapi, alimtazama Bibi.

"Twende," Bibi akasema. "Tutamkuta nyumbani."

Mjini nilipigwa na butwaa. Kwetu Mitundu enzi hizo pikipiki ikipita tulijua ni ya nani. Hapa zilimwagika barabarani kama nyuki waliovurugiwa mzinga, na hakuna aliyesimama kumpisha mtu. Mmoja kabeba friji. Mwingine kabeba nguruwe mzima, kalala chali ndani ya tenga, anatazama mawingu. Ili kufika stesheni ilitubidi kuvuka mto ule wa pikipiki. Baba Mkubwa alituelekeza tusikimbie wala tusirudi nyuma, tutembee polepole, wenyewe watatukwepa. Bibi alikaza khanga kiunoni, akanishika kiganja, akaingia barabarani kama anayekatiza katikati ya kundi la ng'ombe. Zikatupita mbele na nyuma, nikiusikia upepo wake miguuni. Tulipofika ng'ambo niligeuka kutazama tulikotoka. Bibi akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga, muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Treni nilidhani naijua, maana nimeiona sana Itigi. Lakini hii ilipita katikati ya nyumba za watu, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeanua nguo za mtu kwenye kamba. Ndani mlikuwa na vitanda vya kupandana. Bibi alikaa cha chini, mimi nikaning'inia cha juu, nikiongea bila kupumua. Nilijiuliza kama Mama Mkubwa bado anasonga ugali, na kama atanitambua nilivyorefuka. Bibi hakuninyamazisha, yeye ambaye nyumbani hakupenda mtoto mwenye mdomo. Aliniuliza tena na tena, "Hebu niambie, akikuona atasemaje?" Nami nikamwigizia sauti ya Mama Mkubwa, na Baba Mkubwa akatoka kwenda kusimama mlangoni mwa behewa.

Tuliposhuka mvua ilikuwa inanyesha. Tukapanda watatu pikipiki ya Baba Mkubwa, aliyokuwa ameiacha stesheni, tukafunikwa na koti moja. Sikuona kitu ila lami inayokimbia chini ya miguu yangu. Nilihisi kifua cha Bibi kikitikisika mgongoni kwangu. Nikamwambia avumilie baridi, karibu tunafika.

Mama yake Baba Mkubwa alitoka pekupeku mpaka uani kwenye mvua, akamwinamia Bibi. Ndani, juu ya kabati refu, niliona picha ya Mama Mkubwa akicheka. Mbele yake kulikuwa na matunda, kikombe cha chai, na vijiti vya ubani vinafuka. Nikaona wamempamba vizuri. Nikaenda kumtafuta jikoni, chumbani, hadi nyuma ya nyumba, nikimwita kwa nguvu. Niliporudi, Bibi alikuwa ameketi sakafuni chini ya ile picha, analia kwa Kinyaturu, na yule mama anamjibu kwa lugha yake, wameshikana mikono.

"Bibi, yuko wapi?"

"Alifariki, mwanangu. Aliugua ghafla. Wameshamzika."

Sikulia. Nilibaki nakitazama kile kikombe cha chai, bado kina mvuke, nikijiuliza wamemmiminia nani.

Asubuhi tulipita juu ya matuta ya mashamba ya mpunga mpaka kaburini. Bibi alichuchumaa akang'oa majani kwa vidole, taratibu, kama anayepalilia vitunguu. "Rehema," alisema, "tumefika. Nimekuja na Neema."

Kwa miaka mingi nilimnunia Bibi moyoni kwa kuniacha nifurahi vile njia nzima. Bibi alikuwa ameshatutoka nilipomuuliza mama yangu sababu. Mama alisema wao walitaka kuniambia palepale shuleni, Bibi ndiye aliyekataa. Aliwaambia, "Mwacheni. Nataka kusafiri na mtu anayekwenda kumwona Rehema."

Katika sisi watatu, ni kwangu mimi tu ambako Mama Mkubwa alikuwa bado hai. Na Bibi alinisogelea njia nzima, kama mtu mwenye baridi anavyosogelea moto.