Rangi ya Pikipiki ya Byaruhanga

Byaruhanga wa Kiruruma alikuwa akiongea na pikipiki. Usicheke. Mtu anayeamka asubuhi hana wa kumsalimu, jioni anapika ndizi zake na kuzila peke yake kwenye sufuria, ataongea na chochote kisichomkimbia. Pikipiki ilikaa bandani tangu vita vya Hitler, petroli ilipoadimika, naye akaipaka rangi nyeusi ya mabati isiliwe na kutu. Petroli iliporudi, hakuwa na safari. Alikuwa anaiwasha tu, anaisikiliza ikinguruma, kisha anaizima.

Zamani alikuwa mnunuzi wa ngozi, na pikipiki aliinunua kwa Mzungu mmoja wa machimbo ya bati kule Kyerwa aliyekuwa anarudi kwao. Mkewe Yudesi alipofariki, alimpakia binti yao mdogo, Kokushubira, mbele yake juu ya tangi, akampeleka Muleba kwa bibi yake. Kwa muda tu, alisema. Muda gani huo! Kwanza kazi ya ngozi ilimbana, halafu vikaja vita, halafu ikaja aibu. Ataingiaje nyumba ya mama mkwe baada ya kimya chote kile? Akabaki kwake.

Siku moja Novatus, dereva wa lori la kahawa kutoka Bukoba, alisimama mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Novatus. Za Bukoba?"

"Njema. Nimekuja na habari zako. Binti yako sasa ni mwalimu, na amepangiwa shule ya Nyakatuntu. Jumamosi nitampakia, na njiani tutasimama Kituntu. Nilimuuliza kama anamkumbuka baba yake."

Byaruhanga akashika mwimo wa mlango.

"Akasema sura imemtoka. Ila pikipiki, akasema, hata aione kati ya mia ataijua kwa rangi yake."

"Rangi gani?"

"Ala! Pikipiki yako, unaniuliza mimi?"

Mzee wa watu akaduwaa. Hakujua. Na usimshangae. Yeye ni mtoto wa wafugaji, na mbele ya kundi la ng'ombe angekutajia rangi mpaka uchoke: huyu gaju, wa kahawia hafifu, yule ana madoa, yule ana paji jeupe. Lakini pikipiki alikuwa akiisikiliza injini na kuangalia matairi. Rangi aliiona kila siku bila kuitazama. Sasa asipoijua yeye, mtoto ataijuaje pikipiki? Na asipoijua pikipiki, atamjuaje baba? Hilo lilimnyima usingizi.

Akamuuliza jirani yake Verdiana, mpika lubisi, yule mama ambaye pombe yake ya ndizi ilinywewa kijiji kizima.

"Ilikuwa ya kijani," Verdiana akasema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini umeniuliza."

Basi akachukua kipande cha chupa, akakaa bandani kukwangua tangi. Rangi nyeusi ilikuwa imeshikana na ya chini yake, zikatoka pamoja, magamba meusi matupu. Akaendelea. Mara chini kabisa, karibu na chuma, ikatokea rangi nyekundu ya kahawia, nzito, tulivu. Bihogo! Rangi ya ng'ombe ambayo kila mfugaji wa Karagwe anaiomba zizini mwake, rangi ya ng'ombe aliotolea mahari ya Yudesi.

"Kumbe ni wewe!" akaiambia pikipiki, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Fundi yeyote wa magari angemwambia kwamba ile ni rangi ya kwanza tu, ambayo kiwandani hupakwa ili chuma kishike ile ya juu. Lakini alipoiona bihogo, angemuuliza nani tena? Akanunua rangi dukani Kayanga, akaichanganya mpaka ikawa ng'ombe mwenyewe, akaipaka mara mbili.

Jumamosi alifika Kituntu mapema, kanzu imefuliwa, pikipiki inang'aa kando ya barabara. Lori likaja. Akashuka binti mrefu, ana mwendo wa Yudesi kabisa, jamani, mpaka Byaruhanga akasahau maneno yote aliyoyapanga. Binti akatazama huku na huku. Macho yakapita kwenye pikipiki, yakaenda zake.

Byaruhanga akamsogelea.

"Shikamoo, mzee," binti akasema, kama anavyosalimiwa mzee yeyote.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndimi baba yako. Pikipiki ile pale."

Kokushubira akaitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Samahani, mzee. Ya baba ilikuwa ya buluu."

Byaruhanga hakubishana. Akatoa spana, akapiga magoti mavumbini na kanzu yake safi, akafunga petroli, akachomoa mpira wake, akalegeza nati za tangi. Watu wakaanza kukusanyika. Akalinyanyua tangi, akaligeuza. Ndani kule, lilipokuwa limekalia fremu, mahali ambapo wala jua wala burashi yake havikuwahi kufika, palikuwa na buluu, mbichi kama siku ilipotoka kiwandani.

Binti akachuchumaa. Akaigusa kwa kidole.

"Ndiyo hii," akasema.

"Si nilikwambia!" Byaruhanga akawa anacheka. "Ulikuwa unakaa hapa juu, unaipigapiga kwa mikono!"

"Hilo silikumbuki, baba. Nakumbuka ilivyoondoka. Nilikimbia nyuma yako mpaka mtoni, naiangalia ile buluu, nikijua utageuka tu."

Kicheko kikamwisha.

"Nilikuwa nalia, mwanangu. Sikutaka unione."

"Ungegeuka ukilia hivyo hivyo."

Novatus akapiga honi. Kokushubira akainuka, akapangusa vumbi kwenye gauni, akapanda mbele, akafunga mlango. Lori likashika njia ya Nyakatuntu. Byaruhanga akataka kulifuata, lakini tangi lilikuwa mikononi mwake na petroli ikimchuruzikia kwenye kanzu, basi akasimama palepale katikati ya barabara, akikaza macho kwenye dirisha la lori, aone kama atageuka.