Kijiji cha Kuazima

Feruzi alikwenda kwenye mafunzo akiwa amekunja uso, na hakuona haya kuonyesha. Mtu ameandika vizazi vya watu, yaani vyeti vya kuzaliwa, kwa miaka ishirini na minane, leo anaitwa akae kwenye kiti cha plastiki, apewe daftari na kalamu ya bure, afundishwe kuandika kizazi. Na wa kumfundisha ni nani? Maître Lydie, wakili kutoka Bunia, mdogo kiasi cha kuwa binti yake.

Makarani kumi na wanane wa état civil, ofisi za kuandikisha vizazi za Kisangani, walijazana katika ukumbi wa parokia. Somo lilikuwa la siku tatu: watu wasiotambuliwa na nchi yoyote kuwa raia wake. Lydie hakuwabembeleza hata dakika moja.

"Ba-apatride habaangukake toka juu," alisema asubuhi ya kwanza. "Ni ninyi njo munabatengeneza, na bic."

Feruzi akajibu bila kunyoosha mkono. "Maître, wakati nilianza hii kazi, wewe ulikuwa ungali unanyonya."

Watu wakacheka. Lydie alingoja wamalize.

"Bon. Donc uko na miaka mingi ya makosa."

Hakuna aliyecheka tena, na kuanzia hapo wawili hao walichukiana waziwazi. Feruzi alikula chakula cha mafunzo kwa hasira, akaitia sahihi orodha ya mahudhurio kwa hasira, na jioni akapanda pikipiki kurudi Mangobo akiwa anamsema wakili huyo peke yake mpaka dereva akageuka kumtazama.

Kosa lenyewe alilijua vizuri, ingawa hakuwahi kuliita kosa. Karatasi ya kizazi haitaki jina la baba na mama tu. Inataka pia kijiji cha asili cha baba, na sekta yake, na teritware yake. Watu wa mtoni, wa Yanonge na Isangi, hukitaja chao bila kufikiri. Lakini familia za Waislamu waliofika na misafara ya biashara kabla ya Wabelgiji, kama familia ya Feruzi mwenyewe, zina Kisangani tu. Mababu walitoka huku na huko, na jina la kijiji likapotea njiani. Karani wa zamani, mzee Ruphin, aliwafukuza dirishani: nenda katafute kijiji, ndipo urudi.

Feruzi hakuweza kuvumilia kuwaona wakifukuzwa. Basi akabuni njia. Kila baba huja na mashahidi wawili, na Feruzi alichukua kijiji cha shahidi wa kwanza, akampa mtoto. Kila mtu aliondoka na karatasi yake, roho imetulia. Makarani vijana waliiga, na yeye akaiita huruma. Ilikuwa uvivu pia, tusidanganyane.

Siku ya tatu Lydie aligawa nakala za faili moja la kweli, majina yamefunikwa. Msichana wa miaka ishirini na minne alipata kazi uwanja wa ndege wa Bangboka, akaombwa cheti cha uraia. Barua ikapelekwa kwa chifu wa kijiji kilichoandikwa kwenye kizazi chake. Chifu akajibu kwamba familia hiyo haijulikani pale, haijawahi kujulikana. Kazi ikaenda, na tangu hapo msichana akawa mgeni aliyedanganya serikali.

Feruzi alitazama nakala. Mwandiko ulikuwa wake.

Mlango ukafunguliwa, mwenye faili akaingia: Safiya, binti wa marehemu Mahmoudi fundi cherehani, aliyekuwa akiswali msikiti mmoja na Feruzi. Alibaki amesimama.

"Tribunali inaweza kusahihisha," Lydie alisema, "mupaka kama mwenye aliandika anakubali kwa maandishi kama ni yeye alitia ile kijiji. Kama hapana, ni baba ya huyu dada njo muongo, na dossier inafungwa siku ya lundi."

"Papa yangu hakuwa muongo," Safiya alisema. "Hakujuaka kusoma. Balimuambia weka kidole hapa, akaweka."

Jean-Paul, karani aliyeketi karibu na Feruzi, akamkanyaga mguu chini ya meza. "Nyamaza, papa. Bakikutosha ku kazi wewe leo, kesho ni mimi."

Feruzi alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Akikiri, kazi imekwisha, na huenda na pensheni yake. Akinyamaza, Mahmoudi anabaki mwongo kaburini na binti yake hana pa kwenda. Alimchukia Lydie kwa kumtega hivyo. Alimchukia Jean-Paul kwa kumkanyaga, na Safiya kwa kusimama pale bila kulia. Kulia kungemrahisishia kidogo. Kisha akainuka, magoti yakilia.

"Ni mimi njo niliandika. Mahmoudi aliniambia hana kijiji. Nilimupa kijiji ya témoin, shahidi wake wa kwanza."

"Mzee mupumbafu," mtu akasema nyuma.

Lydie hakumsifu. Alimsukumia karatasi, Feruzi akaandika ukurasa mzima na kutia sahihi. Alimkabidhi Safiya karatasi hiyo kwa mikono miwili, akitazamia walau neno moja. Safiya akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Sitakupa aksanti, papa. Miaka mbili bananiita mugeni ku muji yenye nilizaliwa."

Akatoka. Feruzi alidhani yamekwisha, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bado," Lydie alisema. "Bengine ni bangapi?"

"Sikuhesabu."

"Alors, majina. Hata bale unakumbuka tu. Anza na wa kwanza."

Jean-Paul alisukuma kiti chake, akatoka bila kuaga, na wengine watatu wakamfuata. Feruzi alimtazama wakili na kutamani amtukane. Angeweza kutaja jina lolote. Lakini kitabu cha mwaka wake wa kwanza kazini kilikuwa bado kabatini pale ofisini, na huyu mwanamke angekifungua.

"Wa kwanza alizaliwa mwezi wangu wa pili ku kazi," alisema. "Baba yake hakuwa na kijiji. Témoin alikuwa muvuvi wa Isangi, nikakamata yake."

"Jina?"

"Sefu."

"Sefu nani?"

"Sefu Feruzi," akasema. "Ni mutoto wangu."