Kiti cha Mama Pambizo

Kwa miaka kumi na minne kiti kilicho karibu na mlango wa duka la kuchapa nyaraka kilikuwa cha mwanamke mmoja. Wateja walimwita Mama Pambizo, kwa sababu hakuwahi kuruhusu ukurasa wenye pambizo lililopinda utoke mikononi mwake. Wanafunzi walioleta tasnifu zao walimwogopa. Mwenye duka, dada wa mume wake, hakumwogopa wala hakumpenda. Asubuhi waliamkiana kama watu wanaorudishiana vyombo vya kuazima.

Wifi huyo alikuwa na binti aliyemaliza chuo, na binti hakuwa na kazi. Sababu ikatafutwa, ikapatikana: kompyuta ya duka aliyoitumia Mama Pambizo ilikuwa nzito. Tasnifu ya kurasa mia tatu ikifunguliwa, feni ilikoroma na wateja walisinzia kwenye benchi. Wifi akatangaza mbele yao kwamba Jumamosi saa sita mchana ikifika mashine bado inajikokota, kiti kinahama.

Mama Pambizo alisoma mtandaoni siku tatu, akagundua kuwa mashine ile inaweza kupokea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Akanunua iliyotumika, kwa fedha yake, risiti ikiwa na jina lake. Aligundua na jambo la pili: kabla ya kubadilisha, lazima bayosi, ile programu inayoamsha mashine, ipandishwe toleo huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. La sivyo mashine haitaitambua ngeni. Akaiweka bayosi mpya kwenye fleshi.

Jumamosi asubuhi Wifi alileta fundi wake. Mtaa mzima ulimwita Daktari, maana kwake kila mashine ni mgonjwa. Mafundi wa mtaa ule wana desturi yao: kifaa kilichotolewa ni cha fundi, lakini si mpaka mwenye mashine atamke mbele za watu, "Imekubali." Neno hilo likishatoka, hakuna kudai.

Mama Pambizo alimweleza habari ya bayosi, akamnyooshea fleshi. Daktari hata hakuitazama.

"Dada, wewe piga chapa. Mambo ya tumboni niachie mimi."

Akafungua kasha, akang'oa prosesa ya zamani, akaitia mfukoni pamoja na funguo zake, akapachika mpya. Alipobonyeza, feni ilizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena, na tena. Kisha akafuta mikono na kutoa hukumu: mgonjwa amekufa, na kilichomuua ni hicho kitu cha mtumba.

"Kaka yangu alileta mzigo nyumbani," Wifi aliwaambia wateja, "mimi nikaubeba mpaka dukani."

Binti alikuwa ameshaweka mkoba wake juu ya kiti.

Mama Pambizo aliutazama mkoba, kisha akamgeukia fundi. "Daktari, imekubali?"

Fundi akakohoa.

"Kama haijakubali, hicho ulichobeba mfukoni ni cha nani?"

Kicheko kikatoka kwenye benchi. Daktari akaitoa mfukoni ile prosesa ya zamani, uso umemvimba. Funguo zilikuwa zimevipinda vijino viwili vya chini yake, vyembamba kama nywele. Mama Pambizo akaazima kwa mwanafunzi mmoja kalamu ya risasi ya kubonyeza, akaitoa risasi, akavivalisha vijino kile kitundu cha ncha, kimoja baada ya kingine, akavinyoosha. Mikono hiyo ilikuwa imenasua karatasi kwenye printa kwa miaka kumi na minne. Akaing'oa ile mpya, akaoanisha pembetatu ya dhahabu ya pembeni mwa ile ya zamani na alama yake, prosesa ikazama yenyewe bila kusukumwa. Akatia dawa ya kupozea, kiasi cha punje ya mchele, akafunga feni. Skrini ikawaka.

Akachomeka fleshi, akasema kwa sauti kwamba bayosi inapanda na umeme usiguswe. Wifi akainuka, akauendea ukuta penye swichi. Alisema hapotezi umeme wake kwa mchezo wa watoto. Mama Pambizo akasimama mbele ya swichi, mikono kifuani.

"Ukizima sasa, wifi, muuaji ni wewe. Na hawa wote mashahidi."

Mkono ulishuka taratibu.

Bayosi ilipomaliza, akazima, akarudisha prosesa mpya. Tasnifu ya kurasa mia tatu ilifunguka kabla mwenyewe hajamaliza kupiga mwayo. Saa sita ilikuwa bado dakika kumi.

"Imekubali," Wifi aliwatangazia wateja, kana kwamba bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Daktari akaichukua ile ya zamani, safari hii bila hofu. Wifi akamgeukia binti yake: "Mwanangu, kaa hapo. Mashine ya kisasa inataka mikono ya kisasa. Wewe wifi utasimamia fotokopi."

Mama Pambizo alizima mashine, akafungua skrubu, akanyanyua feni, akaichomoa prosesa, akaifuta na kuirudisha kwenye kiboksi chake cha plastiki.

"Hii ina risiti yangu," alisema.

Wifi akamwamuru Daktari arudishe ya zamani.

"Umeshatamka, mama, tena kwa sauti. Ni yangu. Na leo siuzi." Daktari hakuwa amegeuka rafiki wa Mama Pambizo, alikuwa amechekwa, na alitaka mtu mwingine naye achekwe.

Kwenye benchi kulikuwa na wanafunzi tisa, na tasnifu zilitakiwa chuoni saa nane. Mmoja akasimama, akachungulia duka la ng'ambo ya barabara. Wifi alimtazama akikusanya karatasi zake. Kisha akaunyakua mkoba wa binti yake kutoka kwenye kiti, akausukumia mezani.

"Irudishe," alisema. "Kaa."

Hakuomba radhi, wala hakudaiwa. Mama Pambizo akaipachika prosesa, akaketi, akamwita yule aliyesimama na kumwambia pambizo lake la kushoto ni jembamba mno.

Tangu siku hiyo bisibisi ya duka inalala kwenye droo ya Mama Pambizo, na droo ina kufuli.